Chupa Iliyopungua Funda Moja

Birere, Goma, tarehe 4 mwezi wa nane 2025

Shangazi Kaswera,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, na duka langu la vipuri vya pikipiki bado limesimama, ingawa kuna siku nauza plagi moja tu na kurudi nyumbani. Wewe je? Damien dereva ameniambia kwamba depo yako ya bia imejaa watu waliokimbia vita Lubero, wanalala katikati ya kreti za chupa, hizo kasiye zako. Ameniambia pia kwamba umewakataza watoto wao kupanda juu ya kasiye na hakuna anayekusikia. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wewe mwenyewe hupendi simu, na kwa sababu kwenye barieri za askari barabarani siku hizi wanataka simu ifunguliwe, wasome. Karatasi iliyo chini ya chupa tupu haimsumbui mtu.

Jambo langu si zito, ni mchezo tu. Ulinilea baba alipofariki, katikati ya kasiye hizo hizo, kwa hiyo ulimi wako naujua: ukisema bia ni mbaya, ni mbaya hata kama Goma nzima inaisifu. Damien anakuletea chupa tatu. Ya kwanza ni Primus, ila ni ile inayotoka ng'ambo ya mpaka. Niambie kama ni ndugu wa Primus yako au wamefanana jina tu. Ya pili ni ya Ubelgiji, chupa fupi. Ya tatu haina karatasi yoyote. Imetengenezwa hapa hapa, upande wa Lac Vert, na mtu mmoja kwa mikono yake: mtama ulioota, maji ya ndizi zile za pombe ya kasiksi, na kitu kichungu kinachotoka Ulaya kwenye pakiti. Ni nani, sisemi.

Mimi, usinicheke, mwaka huu nimeingia kwenye ya Ubelgiji. Ninapoifungua nahisi niko mahali ambapo hakuna mtu anayefunga mizigo. Halafu ikifika nusu inanichosha, naagiza Mützig, naangalia glasi ya jirani, natamani ya kwake. Sijui nina nini. Nakaa, nasimama. Hata kulala nalala upande mmoja wa kitanda, kama mtu anayengoja kuitwa.

Onja zote tatu, uniandikie ukweli. Hasa ya tatu. Ya tatu usiinywe ukiwa na hasira.

Mwana wako,
Prodige


Butembo, tarehe 17 mwezi wa nane 2025

Mwanangu Prodige,

Milele na milele, amina. Sisi tupo. Watoto bado wanapanda juu ya kasiye, na sasa hata mama zao wanaanika nguo humo. Nikifungua depo asubuhi wateja wanadhani nimeanza kuuza mitumba.

Nianze na Primus yako. Ni tamu kidogo kuliko yetu, na povu lake linaondoka haraka kama mgeni aliyesikia kuna kazi. Lakini ni ndugu, nimeimaliza. Najua nyinyi vijana mnasema bia ya kiwanda ni ya watu wasiojua kuonja. Sikiliza basi. Mwaka huu nimebadilishiwa barabara, nimebadilishiwa majirani, bei ya asubuhi si ya mchana, na kila juma kuna mtu mpya anayejiita mkubwa. Chupa ya Primus peke yake ndiyo haijanigeuka. Naifungua, ni ileile ya mwaka jana, ni ileile aliyokuwa anakunywa baba yako akiwa amevua viatu. Hiyo ndiyo heshima ya kiwanda. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ya Ubelgiji ni nzito, ina harufu ya karafuu na ya sakristia. Nilimpa Masika jirani yangu nusu yake. Alisema, «Hii iko dawa ya kikohozi,» lakini glasi hakuiacha. Ni nzuri, sikatai. Unaikalia kama misa. Lakini mtu mwenye kiu akipewa ile atalia.

Sasa nifike pale. Chupa ya tatu niliiinua kwenye mwanga wa mlango, kama ninavyoinua kila chupa inayoingia kwangu. Haikujaa. Ilipungua shingoni, funda moja la mtu mzima. Nikaangalia kizibo: kilikuwa kimepindwa upande mmoja na kifungulio, kisha kikarudishwa kwa nguvu. Nilikisukuma kwa kidole gumba kikatoka kimya, hata gesi hakuna.

Prodige, wewe umekulia depo. Kabla hujajua kusoma nilikufundisha kwamba chupa hufunguliwa mbele ya macho ya anayekunywa. Hata kwenye bar ya mwisho kabisa hapa Butembo, msichana akileta chupa wazi unamwambia, «Rudisha hiyo, ulete ingine, ufungule hapa.» Na unajua kwa nini. Unamkumbuka shemeji yangu Henri, na ile glasi aliyoletewa ikiwa imeshajaa. Tulimzika bila kumwambia mtu kilichomuua, kwa sababu hatukuwa na ushahidi, tulikuwa na glasi tu.

Nimeimwaga uani, mbali na pipa la maji. Niambie ni nani anayetaka kuniua, au ni nani anayeniona mtu wa kunywa mabaki. Kati ya hayo mawili sijui lipi linaniuma zaidi.

Shangazi yako,
Kaswera


Birere, tarehe 29 mwezi wa nane 2025

Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na tangu hapo sijakaa vizuri.

Hakuna anayetaka kukuua. Chupa ilifunguliwa njiani, hakuna maelezo mengine. Unajua barieri zilivyo: wanafungua mifuko, wanafungua magunia, pengine mmoja alikuwa na kiu akajipa funda akarudisha. Naomba uamini hivyo.

Na sasa nikuambie nilichokuwa nakificha, maana mchezo wangu umeharibika. Mtu wa Lac Vert aliyetengeneza ile bia ni mwanamke ninayetaka kumuoa. Anaitwa Umwiza. Baba yake ni Muzee Ntirenganya, alikuwa mkulima wa mtama na ndizi kule Kiwanja, upande wa Rutshuru, mpaka waliposhuka Goma. Ndiyo, ni watu wa Kinyarwanda. Nilitaka ulimi wako umpende kabla masikio yako hayajasikia jina lake. Niliona ni ujanja mkubwa. Nilijisifu usiku mzima.

Ungemwona anavyofanya kazi. Ndizi anazikamua kwa majani, kwa mikono, kama bibi yake. Halafu anageuka anapima joto la sufuria kwa kipimo cha kioo, kama daktari. Mikono ya zamani, macho ya sasa. Chupa anaziokota kwenye bar, anazichemsha, anazibana vizibo kwa mashine ya mkono inayolia kama mlango mbovu. Nilimpenda pale kwenye ile mashine, nilipokuwa nimeitwa kuitengeneza.

Sijamwambia ulichoandika. Kila jioni ananiuliza, «Mama alisema nini juu ya bia yangu?» na mimi namjibu kwamba barua haijafika. Anasema, «Njia iko mbaya,» ananihurumia. Huruma yake inanichoma.

Tunataka kwenda kuposa kwa wazazi wake mwisho wa mwaka. Wazee wetu wa hapa Goma niliwaambia wakasema sentensi moja tu: «Bila shangazi yako sisi hatuendi.» Baba hayupo, neno ni lako. Ukija, nina mke. Usipokuja, sina kitu. Sijui njia nyingine ya kulisema.

Nakuomba.

Prodige


Butembo, tarehe 12 mwezi wa tisa 2025

Prodige,

Nimemwita Damien. Nimemkalisha juu ya kasiye, nimemuuliza kama chupa yangu ilifunguliwa kwenye barieri. Akasema hapana, kasiye haikuguswa. «Sasa nani alifungua?» Akaangalia viatu vyake. «Mama, mi niko dereva tu.» Mtu anayejibu hivyo ameona kwa macho.

Basi chupa ilifunguliwa Goma, kabla ya safari. Na ilitoka mikononi mwa nani?

Hukuniuliza kama nawachukia watu wa lugha yake, lakini pale kwenye jina lake mwandiko wako ulipinda, nimeona. Nitakujibu. Siwachukii. Nilisoma na wasichana wa Rutshuru kwa masista, tulikula sahani moja, mmoja wao alinisuka nywele siku ya ndoa yangu. Lakini naogopa. Kuna mama wa Lubero amelala karibu na friji yangu, hajui mume wake yuko wapi, na kila jioni watu wanakaa pale depo na mtu mmoja anaanza, «Bale batu,» yaani wale wa lugha yake, kana kwamba wote ndio walioleta vita. Asubuhi najua kwamba si hivyo, kwamba mtu ni mtu. Jioni ujuzi ule unaisha, naogopa kama wenzangu. Na ni katika jioni kama hizo wewe unaniletea chupa iliyofunguliwa.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Umeona bia mpya, umeona mwanamke mpya, umelewa vyote viwili.

Sitakuja. Wazee wasinisubiri.

Kaswera


Lac Vert, tarehe 21 mwezi wa tisa 2025

Mama Kaswera,

Hunijui na sijui kama utamaliza barua hii. Ni mimi Umwiza.

Prodige aliniambia barua zako hazijafika. Nimezikuta ndani ya boksi la cheni za pikipiki, nilipokuwa natafuta kitambaa cha kufuta mikono. Nimezisoma zote. Sitaomba msamaha kwa hilo, kwa sababu zilikuwa zinanisema mimi. Yeye nimeshamwambia yangu, na kwa siku kadhaa amekuwa akija na kusimama kwenye mlango wa banda langu bila kuingia.

Aliyefungua chupa yako ni mimi. Aliyekunywa lile funda ni mimi.

Kwetu hakuna anayempa mtu pombe bila kuionja kwanza mbele ya macho yake. Bibi yangu Nyiramahirwe, aliyenifundisha kukamua ndizi, alikuwa anasema kwamba mtu akikupa kinywaji naye anaogopa kukionja, mrudishie, urudi kwenu. Mwenye nyumba anaonja, anameza, anangoja kidogo, ndipo anakupa. Maana yake ni kwamba kama humu kuna kifo, kianze na mimi. Sasa wewe ulikuwa mbali, usingeweza kuniona. Kwa hiyo nilionja mbele ya Damien, pale parkingi, asubuhi watu wakipakia, ili yeye awe macho yako. Nikamwambia, «Papa Damien, umeniona? Utamwambia mama.» Akasema, «Ndiyo, nitamwambia.» Kumbe hakukuambia.

Kizibo kipya ningeweza kuweka. Ninavyo mfuko mzima, na mashine ninayo nyumbani. Nilirudisha kilekile makusudi, ili uone kwamba kimefunguliwa. Nilifikiri utaiona ile alama na utafurahi. Nilifikiri utasema, huyu msichana amelelewa.

Na kuhusu bia nijibu pia, maana hapo umenigusa. Unaipenda Primus kwa sababu haibadiliki. Nimeinywa kwenye arusi zote za maisha yangu, siwezi kuitukana. Lakini bia yangu inabadilika, na mimi naipenda hivyo. Mvua ikizidi ndizi zinajaa maji, inakuwa nyepesi. Kiangazi kikiwa kirefu inakuwa kali, inauma pembeni mwa ulimi. Barabara ya Kiwanja ikifungwa nanunua mtama wa mahali pengine, na anayekunywa anajua bila kuambiwa kwamba barabara imefungwa. Wewe unataka kinywaji kitakachokupumzisha na haya yote, nakuelewa. Mimi sitaki kinywaji kinachoniambia kwamba hakuna kilichotokea. Prodige anataka cha Ubelgiji, ajifanye hayupo. Labda ndiyo maana hatupatani sote watatu.

Ile uliyoimwaga ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopika mwaka huu. Nilikuwa nimekuwekea wewe. Nikifikiri iko kwenye udongo wa uani kwako nashindwa kula.

Sitatuma nyingine. Barua hii nampa Damien mkononi, na safari hii sitamwomba aseme neno.

Umwiza wa Ntirenganya


Birere, tarehe 9 mwezi wa kumi 2025

Shangazi,

Sijui kama barua ya Umwiza imekufikia. Nimesikia magari yamekwama njiani, Kanyabayonga, wengine wanasema yamegeuzwa, wengine wanasema Damien ameonekana anauza viazi vya mtu pembeni ya barabara ili visioze. Kama imekufikia na imekukasirisha, nikasirikie mimi. Aliandika peke yake, hakunionyesha hata mstari mmoja.

Mimi nazunguka. Nikifunga duka natoka Birere kwa miguu, naingia bar ya kwanza, naagiza, naacha. Nimejaribu ya kopo, nimejaribu nyeusi, nimejaribu kasiksi ya mama mmoja anayeuza kwenye bidoni, yale madumu ya njano, ilinipa tumbo. Zote nimezionja na hakuna iliyonikalia. Nimeanza kuona kwamba sijawahi kuwa na ladha yangu. Nikiwa na wewe nilipenda Primus. Nikiwa na wafanyakazi wa mashirika nilipenda ya Ubelgiji. Chupa ya Umwiza ndiyo pekee niliyoinywa mpaka mwisho bila kuangalia ya jirani, na hata hiyo nilishindwa kuitetea mbele yako. Nilikuambia ni askari mwenye kiu.

Kila siku nasema leo nitaimaliza barua hii, halafu mtu anapita dukani anasema barabara bado.

Tarehe 23. Naendelea na karatasi ileile. Wanasema barabara imefunguka kidogo, lori la kwanza linaondoka kesho.

Umwiza amekuja dukani mchana huu. Tulikuwa hatujaongea tangu siku ya boksi la cheni, labda salamu tu. Ameweka chupa juu ya meza, katikati ya vipuri. «Mpelekee. Iko full mpaka kwa shingo. Kizibo ni mupya. Sikuonja.» Ameisukuma kwangu kwa mikono miwili huku akiangalia pembeni, kama mtu anayekupa kitu alichokiiba. Nikamwambia, «Lakini ulisema hautatuma ingine.» Akasema, «Nilisema.» Halafu akalia, Shangazi, pale pale mbele ya mteja aliyekuja kununua breki. Mteja aliondoka bila breki.

Hajawahi kumpa mtu kinywaji bila kukionja. Anasema anahisi amekutumia kitu kama mtu asiye na mama.

Nakutumia hiyo chupa. Imefungwa kama unavyotaka. Ukisema tena hapana, sitaoa kinyume chako, na mwingine sitatafuta. Nitabaki hivi hivi.

Prodige


Butembo, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 2025

Umwiza,

Barua yako ilikaa Kanyabayonga pamoja na Damien na viazi, ndiyo maana umengoja. Ilinifikia ikiwa na harufu ya mazuti, mafuta ya lori. Nimeisoma. Nimemsomea Masika kwa sauti, maana ananisaidia kukasirika. Nilipofika pale kwenye «sitaomba msamaha» akapiga paja, akasema, «Huyu njo atakuweza.»

Damien nimemkalisha tena juu ya kasiye. Safari hii sikumuuliza, nilimsomea maneno yako ya parkingi. Akavua kofia. «Mama, niliona haya. Nikajiuliza, nitamwambia mama namna gani, eti bibi ya Prodige, huyo mchumba wake, alikunywa kwa chupa yake? Nikaona heri ninyamaze.» Ni mtu mzuri, nimemjua miaka yote. Wewe uliniheshimu kwa kufungua. Yeye akaniheshimu kwa kunyamaza. Prodige naye akaniheshimu kwa kunidanganya. Kwa heshima hizi zote nusura niwapoteze.

Nilichomwaga uani sasa nakijua. Ulikuwa umesimama kati yangu na kifo, mbele ya watu, kwa mama usiyemjua, na mimi nikauliza ni nani anataka kuniua. Naona aibu, mwanangu, na ninaandika neno hilo nikiwa na akili zangu zote. Shemeji Henri angekuwa na mtu wa kumwonjea ile glasi angekuwa hai. Sijui kwa nini watu wetu hawakulifikiria. Sisi tulitegemea vizibo.

Hofu yangu haijaisha, usidhani barua moja imenitibu. Jana jioni walianza tena, «Bale batu.» Nikasema, mmoja wao atakuwa mke wa mwana wangu, na anayetaka kuendelea akaendelee nje, kwenye mvua. Yule mama wa Lubero aliniangalia muda mrefu. Hakutoka, lakini alilala akinipa mgongo. Ana haki yake. Asubuhi alinisaidia kupanga kasiye, nikamwambia kwamba nikisafiri funguo za depo nitamwachia yeye.

Maana chupa yako ya pili imefika. Nimeiinua kwenye mwanga wa mlango. Imejaa mpaka shingoni, kizibo hakina alama hata moja. Kwa maisha yangu yote ya depo ni chupa ya namna hiyo nilikuwa nawadai watu. Nikachukua kifungulio, nikakiweka chini. Nimeiweka mezani, napita naiangalia, narudi. Ile ya kwanza niliiogopa kwa sababu ilikuwa imefunguliwa. Hii nashindwa kuifungua kwa sababu najua ulichojinyima ili uifunge. Prodige ameniandikia kwamba ulilia. Kinywaji kilichotolewa hivyo sikinywi peke yangu.

Kwa hiyo nakuja. Damien anasema barabara ikikubali tutaondoka juma lijalo, isipokubali tutangoja hapo hapo barabarani, nimeshazoea kungoja. Waambie wazee wa Prodige wavae vizuri. Nakuja na Primus zangu pia, kasiye nzima, kwa sababu sijasema kwamba nimebadilisha dini. Baba yako Muzee Ntirenganya namsalimu. Muulize kama anakunywa ya baridi au ya kawaida, nisije nikaanza vibaya.

Chupa yako nitaibeba mapajani. Kwenye barieri wakitaka kuifungua watanifungua mimi kwanza.

Tukifika, utaifungua mbele ya macho yangu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kisha utaonja wewe kwanza, umeze, tungoje kidogo, kwa sababu ndivyo ulivyolelewa wewe. Usinimiminie kwenye glasi. Unipe chupa yenyewe, nianzie pale ulipoishia. Kama ni mbaya nitasema.

Shangazi yenu,
Kaswera